SOMO: Kuanza kazi ya kol senta bila kuacha anime wala blogu yako

Habari zenu wadau. Naandika hapa mara moja ili likae, maana kila wiki napata meseji zilezile, "dada nimeitwa kol senta, muda wa anime nitaupata kweli?" au "blogu yangu niifunge kwanza?" Mi nipo kwenye hii kazi ya kupokea simu za wateja mwaka wa nne sasa, Dar, upande wa mtandao wa simu, na blogu yangu ya anime, yani katuni za Kijapani, kwa Kiswahili ninayo tangu nipo chuo na bado inapumua. Soma mpaka mwisho alafu ndo uulize.

Hatua ya 1: Intavyu. Watasikiliza unavyoongea, utachapa kidogo kwenye kompyuta, mtu ataigiza mteja mwenye hasira. Ongea taratibu, usimkatize. Basi.

Hatua ya 2: Mkataba. Soma sehemu ya masaa kabla ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, na kazi ya usiku inahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hiyo kila saa ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Wengi wanasaini bila kujua hili.

Hatua ya 3: Mafunzo. Hapa kichwa kinajaa. Utajifunza mfumo wa kompyuta, utajifunza kurudisha muamala uliokosewa namba, PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga), usajili wa laini kwa alama za vidole, na juu ya hayo yote kuna AHT, yani wastani wa muda unaotumia kwa simu moja. Kwaiyo usianze anime ndefu kipindi hiki. One Piece ilianza kurushwa Oktoba 1999 na Novemba 2021 ikafika episodi ya 1,000, sasa piga hesabu, dakika 24 kwa episodi ni kama masaa 400 kufika hapo tu, utaenda darasani macho mekundu. Chukua moja tu ya msimu. Misimu ya Japani inaanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na anime nyingi za msimu zina episodi 12 au 13, moja kwa wiki, yani inaisha ndani ya miezi mitatu. Mimi ile miezi mitatu ya mwanzo kazini nilishika moja tu, kila Alhamisi, na hiyo Alhamisi ndo ilikuwa inanifikisha wikiendi.

Hatua ya 4: Panga shifti kwa saa ya Tokyo. Hii naipenda sana. Japani wako mbele yetu kwa masaa 6, na hawabadilishi saa mwaka mzima. Sisi Waswahili nako tunahesabu saa kwa tofauti ya 6 na saa ya kizungu. Hizo sita mbili zinakutana, kwaiyo namba ya saa ya kizungu ya Tokyo ndo saa ya Kiswahili ya huku kwetu, hubadilishi kitu! Tokyo ikiwa 11 usiku kwa kizungu, Dar ni saa 11 jioni. Tokyo saa sita usiku, ile 12, kwetu ni saa 12 jioni. Anime nyingi kule zinarushwa usiku wa manane, maana yake kwetu zinaangukia jioni. Ukiwa shifti ya asubuhi, saa 1 hadi saa 9, unafika nyumbani kwa daladala unaoga na episodi ndo inapanda. Ukiwa shifti ya saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku umeikosa, basi zima magrupu ya WhatsApp mpaka kesho yake usije ukaharibiwa hadithi na watu.

Hatua ya 5: Masikio. Masaa nane una hedseti, ukifika nyumbani unachomeka earphone tena, huwezi kwenda hivo mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima wanaweka desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki, na ukipanda mpaka 90 ni masaa manne tu kwa wiki nzima. Maana yake kama kazini umeweka sauti juu, mgao wako wa wiki umeshaumaliza hukohuko. Mi nikitoka kazini saa nzima ya kwanza sisikilizi kitu, alafu anime naangalia kwa spika ya simu, sauti chini, nasoma sabtaito, yani yale maandishi ya tafsiri chini ya picha. Na kazini shusha sauti kidogokidogo kila siku mpaka upate pale unaposikia bila kujikaza, hasa kwenye sakafu yenye watu wengi ambapo kila mtu anapandisha ili amshinde jirani.

Hatua ya 6: Unachoandika kwenye blogu. SOMA HII MARA MBILI.

Hapa ndo niliharibu. Mwaka wangu wa kwanza kuna mama alipiga analia, ametuma ada ya mtoto kwenye namba isiyo yake, tarakimu moja tu, na aliyepokea ameshatoa hela. Nilikaa naye kwenye simu muda mrefu kuliko ninaoruhusiwa na hatukufanikiwa. Usiku ule sikulala, nikaandika makala nikimlinganisha na mhusika mmoja wa anime aliyepoteza kila kitu kwa kosa dogo. Niliandika kwa uchungu na wasomaji wakaipenda. Jina lake sikuweka, namba sikuweka, nikajiona nimemlinda. Lakini niliweka mkoa, niliweka siku, niliweka kiasi cha ada na darasa la mtoto. Ndugu yake aliisoma, akamjua, akamtumia. Yule mama akapiga tena kazini, safari hii sio kwa sababu ya hela. Nilipewa barua ya onyo la mwisho na bonasi ya robo mwaka ikaenda, ila kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alilia kwangu akiamini ni mimi na yeye tu, na mimi nikaupeleka msiba wake kwa watu.

Kwaiyo:
- Usiandike simu ya mteja hata moja. Hata ya zamani, hata ya kuchekesha, hata ukibadilisha jina. Mtu anatambulika kwa mkoa, siku na kiasi.
- Usipige picha meza yako kuonyesha kile kidoli chako cha anime, skrini inaonekana nyuma.
- Daftari la kazini libaki kazini.
- Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, hili sio la kampuni peke yake tena.
- Hasira ya mteja iandike kwenye karatasi, ichane, lala. Mi nafanya hivo mpaka leo.

Hatua ya 7: Kuandika. Siku ya ofu andika makala mbili, moja weka, moja iwe akiba ya wiki ya shifti ya usiku.

Nimemaliza. Maswali chini.

---

mtafuta255: Dada naomba namba ya HR wa hapo kwenu

Mwandishi: Somo halihusu hilo. Na namba ya mtu siitoi.

mtafuta255: Sasa si useme tu kampuni gani

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 6 utaelewa kwa nini.

Kijana wa Kimara: Mkuu hapo kwenye saa umenichanganya, nimeona ratiba ya Kijapani imeandika Jumamosi 25:30, ni kosa la kuchapa au?

Mwandishi: Swali zuri sana hili na sio kosa. Televisheni za kule usiku wa manane wanauhesabu bado ni siku iliyopita, kwaiyo baada ya 24 wanaendelea 25, 26 mpaka vipindi viishe. 25:30 ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumapili kwao. Toa 24, inabaki 1:30, na kwa ile hesabu yetu ni saa 1 na nusu usiku hapa Dar, Jumamosi hiyohiyo. Uzuri wake ni kwamba siku waliyoandika ndo siku yako pia, hupotei. Sabtaito tu zinaweza kuchelewa kidogo.

Kijana wa Kimara: Aisee nimejaribu ratiba tatu na zote zimekubali. Asante sana dada.

Baba Naima: Kwa hiyo sisi tunaofanya usiku kila siku tunadai hiyo asilimia 5? Mbona kwetu slipu haionyeshi

Mwandishi: Kaka angalia kwanza mkataba, sehemu nyingine imeingizwa ndani ya posho yenye jina lingine. Kama haipo kabisa uliza kwa maandishi, barua pepe fupi yenye heshima, ubaki na nakala. Usiulize kwa mdomo korido. Na kumbuka inahesabiwa kwenye yale masaa ya saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, sio shifti nzima kama ulianza jioni.

Wanjiru_K: Sasa dadangu, mimi niko Nairobi, nimeingia kampuni inahudumia wateja wa Marekani. Shifti yetu inaanza saa kumi jioni hadi usiku wa manane. Hiyo hesabu ya Tokyo si ndiyo inaniuma kabisa, kila kitu kinatoka nikiwa kwa simu?

Mwandishi: Karibu dada. Ndiyo inakuuma, ila una kitu sisi hatuna, asubuhi yako yote ni yako. Lala ukifika, amka saa nne, angalia episodi ya jana ukiwa na chai, andika palepale kabla jua halijakuchosha. Na kitu kimoja ukijue mapema, Marekani wanabadilisha saa Machi na Novemba, kwaiyo saa 3 asubuhi ya New York kwenu ni saa 10 jioni miezi ya joto kwao na saa 11 jioni miezi ya baridi. Shifti yako inaweza kusogea saa zima wakati Tokyo haijasogea. Novemba utapata saa moja zaidi jioni kabla ya kuingia, hiyo ndo ya zile anime zinazopanda saa 10 na nusu.

Wanjiru_K: Hakuna mtu kazini alitueleza hiyo ya Novemba. Nimeandika.

brayo_tz: Yani nikiandika "mteja mmoja alinitukana leo" bila kitu kingine pia ni kosa?? Unatutisha bure, watu wanaandika kila siku

Mwandishi: Sijakutisha, nimekueleza kilichonipata. Wanaoandika kila siku na mimi nilikuwa mmoja wao. Ukiweka leo, saa, na alichosema, umeshaanza kumchora. Fanya unavyoona.

brayo_tz: Sawa ila neno moja tu jamani

Mwandishi: Nimeshajibu.

BintiTanga: Shikamoo dada. Mi sauti inaisha kabla ya shifti kuisha, saa 8 hivi nakwaruza. Mnafanyaje?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Maji kidogokidogo kila baada ya simu, sio glasi nzima lanchi, na yawe ya kawaida, sio ya barafu. Pili angalia kama unapandisha sauti kwa sababu humsikii mteja, mara nyingi tatizo ni kipaza sauti kimekaa mbali na mdomo, kishushe kiwe chini ya mdomo umbali wa vidole viwili. Tatu wakati wa mapumziko usipige stori, nenda kakae kimya. Kwaruza ikizidi wiki mbili muone daktari, usiendelee na tangawizi tu.

Kijana wa Kimara: Naongezea hapo, nunua sponji yako mwenyewe ya hedseti. Zile za kazini zinazunguka masikio ya watu watatu kwa siku.

Mwandishi: Kweli kabisa, nilisahau hiyo. Na bando la usiku jamani, pakua episodi kwenye programu uliyolipia usiku ukiwa nyumbani, uangalie kwenye foleni ya asubuhi. Ila kwa spika hapana, kwenye daladala soma sabtaito kimya.

Chizi wa Manga: Dada mi nina swali la uandishi. Blogu yako huwa nasoma, unaandika Kiswahili mwanzo mwisho na unaeleweka. Mi nikijaribu nusu inakuwa Kiingereza. Uliwezaje?

Mwandishi: Ahsante kwa kusoma, umenifurahisha. Ni kazi ndo ilinifundisha. Siku moja alipiga bibi yangu mwenyewe, sio mteja, laini imejifunga, nikamwambia aingize PUK, akaniuliza mjukuu wangu hiyo PUK ni mdudu gani. Nikakaa nikafikiria, nikamwambia bibi, simu yako imejifunga mlango kwa ndani, mimi nina ufunguo wa akiba, nakusomea tarakimu nane uzibonyeze mojamoja. Akafungua mwenyewe. Tangu siku hiyo nikiandika najiuliza bibi angenielewa? Zile episodi zisizo na asili kwenye manga, yani vitabu vya katuni vya Kijapani, naziita za kujazia. Wimbo wa mwanzo ni wa kufungulia, wa mwisho ni wa kufungia.

Chizi wa Manga: Na ile ya kumwambia mtu kinachotokea mbele kabla hajaangalia?

Mwandishi: Mi naandika "kutoboa". Juu kabisa ya makala naweka: Onyo, nimetoboa mpaka episodi ya 9. Na kwa kuwa baadhi ya wasomaji wangu wapo shifti ya jioni kama nilivyokuwa, makala yenye kutoboa siiweki mpaka kesho yake saa 4 asubuhi, wakiwa wameshaamka.