Jinsi ya kumpiga picha nyoka wa kwenye kioo bila kujipiga mwenyewe

Picha yangu ya kwanza ya chatu niliringa nayo kweli, mpaka nilipofika home Nyegezi, Mwanza, nikaizoom nikakuta katikati ya mikunjo ya nyoka kuna jamaa kavaa jezi nyekundu ya Simba kashika simu. Ni mimi. Mshkaji wangu wa Yanga ndo alikuwa wa kwanza kuiona na mpaka leo ananiita Mnyama wa kwenye kioo.

Kwaiyo tuanze na kioo hapo hapo, maana nyoka wengi wa kufugwa utawakuta nyuma ya kioo. Vaa nguo nyeusi, hii sio mbwembwe, kitu chochote cheupe au cha kuwaka ulichovaa kitaonekana. Beba kile kitambaa laini cha kufutia miwani, nje futa mwenyewe, ndani muombe mtunzaji, na muombe kwa adabu kwa sababu yeye ndo atakayekupa au kukunyima picha (nitarudi kwake). Alafu lenzi iguse kioo kabisa, imenyooka, usipige kwa upande maana kioo kinene ukikilalia picha inakuwa kama umepiga kupitia maji. Ukibaki mbali hata kidogo mwanga wa nyuma yako unaingia. Mimi kwa simu nilikata kipande cha ndala ya zamani nikatoboa tundu, upande unaogusa kioo nikalipanua kidogo ili kingo zisitokee kwenye picha, nikakibana mbele ya lenzi, basi mwanga wa pembeni haupiti. Watu wanacheka, wacheke.

Flashi ya simu zima, na uhakikishe haiko kwenye auto, inagonga kioo inarudi na unabaki na duara jeupe mahali pa kichwa. Mwenye kamera na flashi ya kutengana anaweza kuiweka juu kwenye wavu wa banda, aifunike na karatasi nyeupe, mwanga ukashuka kutoka juu kama jua, hapo magamba yanatoka vizuri sana. Ila magamba ya nyoka yanang'aa, hivo punguza mwanga kidogo kwenye simu, gusa jicho kwenye skrini alafu vuta chini kale kajua kanakotokea, la sivyo mgongo wote unakuwa mweupe hauna maelezo. Na kama banda lina ile balbu nyekundu ya joto kila kitu kitakuwa rangi ya damu, muombe mtunzaji aizime dakika chache tu, sio nusu saa, mnyama anaitegemea.

Sasa jicho. Nyoka akiwa na mita tatu na jicho halijashika fokasi huna picha, una kamba. Shuka mpaka simu iwe usawa wa macho yake, piga magoti, lala chini ikibidi. Kwa kamera tundu la lenzi naliweka f/8 hivi ili pua na jicho vyote visomeke, na kama unautaka ulimi kasi ya shata isiwe chini ya 1/500 ya sekunde, ulimi unatoka na kurudi kabla hujafikiria, hivo piga mfululizo uchague baadae. Usigonge kioo ili atoe ulimi. Ukiona mtu anagonga mwambie aache, mtetemo unamsumbua.

Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba linaloonekana kama kioo, na akikaribia kujivua gamba (gamba la kweli, sio lile la wanasiasa) jicho linakuwa la bluu ya maziwa na ngozi inafifia. Siku hizo usihangaike, pia haoni vizuri na anakuwa na hasira. Jicho linasafika siku chache kabla hajavua, afu akishavua ndo anakuwa mpya, chatu anatoa mpaka rangi rangi kama mafuta juu ya maji ukimuweka kwenye mwanga. Hiyo ndo siku yako. Nayo huijui wewe, anaijua mtunzaji.

Kumtoa nje ya banda ni kazi ya mtunzaji, sio yako, na awe nyoka asiye na sumu. Uliza amekula lini, kama hazijapita siku mbili tangu ale muacheni, akishikwashikwa anatapika. Mwanza tuna mawe kila kona na kila mtu anataka chatu juu ya jiwe, lakini saa saba mchana lile jiwe ni kikaango, mtambaazi hana jasho, anaweza kufa na joto mbele yako huku unatafuta engo. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ligusie jiwe mgongo wa mkono, usipoweza kuuacha hapo basi hata yeye hawezi. Akihangaika mtunzaji amfunike na beseni dakika kadhaa, akitulia anajikunja, linafunuliwa taratibu na una sekunde chache za kufanya kazi.

Fira wa kutema mate na kifutu wabaki ndani, sibishani na mtu. Fira anarusha sumu zaidi ya mita mbili na analenga uso, na wewe uso wako uko nyuma ya lenzi umesahau dunia.

Kobe ni rahisi, lala kifudifudi mpe kipande cha tikiti atainua shingo. Mamba wa nyuma ya wavu, usisogeze mkono karibu, tumia zoom, subiri akae mbali na wavu wenyewe, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho (namba ya f ndogo kabisa) na nyaya zinafifia. Mijusi ile ya kichwa cha pinki na mwili wa bluu ya kwenye mawe, asubuhi dume amepoa amefifia, msubiri aote jua ndo awake. Hao sio wa kufugwa, ila ukivuka na boti kwenda kisiwa cha Saanane, ambayo ilianza kama zuu mwaka 1964 kabla ya kuwa hifadhi ya taifa 2013, unafanya nao mazoezi mpaka uchoke.

Na uende kwa mwenye kibali tu, kufuga nyoka kienyeji ni kuvunja sheria ya wanyamapori ya 2009.

Mwisho wa siku mtumie mtunzaji picha WhatsApp siku hiyo hiyo, zile nzuri, na moja yake yeye akiwa kazini. Wengi wanaahidi hawatumi. Mimi nilituma mara mbili, ya tatu simu ikaita saa kumi na mbili asubuhi niko kitandani, "kaka amka, kavua usiku."