Jinsi ya kuandaa maudhui yanayoleta wateja

Kalenda ya kuchapisha isubiri kwanza. Biashara nyingi huanza kwa kugawana siku, Jumatatu picha, Jumatano video, Ijumaa makala, na kufika wiki ya tatu hakuna anayejua aandike nini. Anza na maswali. Kwa wiki mbili, kila anayepokea simu, anayejibu ujumbe wa WhatsApp au anayehudumia wateja ana kwa ana aandike maswali anayoulizwa, kwa maneno yale yale ya mteja. Usiyasafishe. Fundi wa pampu za maji husema "kimo cha uvutaji"; mteja husema "pampu inanguruma lakini maji hayaji". Akifika kwenye Google ataandika hayo ya pili, na makala yenye lugha ya fundi peke yake haitamfikia.

Kama tovuti ipo tayari, fungua Google Search Console, huduma ya Google inayoonyesha watu waliandika nini hadi tovuti yako ikatokea kwenye matokeo; ni ya bure na hutunza takwimu za miezi 16. Katika ripoti ya utendaji, tafuta maneno ambayo ukurasa wako umeonekana nayo mara nyingi bila kubofywa sana, hasa yale yanayokuweka kati ya nafasi ya 8 na ya 20 kwenye matokeo. Hapo Google tayari inakuhusisha na swali, ila jibu lako halijatosha. Kuurekebisha ukurasa huo huleta matokeo mapema kuliko kuanza mpya.

Weka yote kwenye jedwali la safu nne: swali, limeulizwa mara ngapi, mteja yuko hatua gani, na nani ndani ya kampuni anajua jibu. Hatua ni tatu: anahisi tatizo, analinganisha njia za kulitatua, au amekaribia kununua. Anza na hawa wa mwisho. "Pampu ya aina gani inafaa kisima cha mita 20" hutafutwa na watu wachache kuliko "pampu ni nini", lakini wa kwanza ana kisima na ana haja, wa pili huenda ni mwanafunzi anayefanya kazi ya nyumbani. Kukimbilia maneno yanayotafutwa na umati ndilo kosa linalozifanya tovuti nyingi zijae wageni huku simu hailii.

Kuandika jibu lenyewe

Jibu likae kwenye aya ya kwanza. Kwa mfano wetu: "Pampu inayokaa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 au 8 hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani, kwa sababu kanieneo ya hewa ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Kisima kikizidi hapo, tumia pampu ya kuzamishwa." Sentensi mbili, msomaji ameshapata alichokuja kutafuta. Baada ya hapo ndipo unaeleza namna ya kupima: kutoka pampu hadi uso wa maji, tena wakati wa kiangazi maji yakiwa chini kabisa. Kisha sababu nyingine zinazofanana kwa dalili, kama valvu ya chini inayovuja au kiunganishi cha bomba kinachoingiza hewa. Mwisho taja ni nani asinunue bidhaa yako. Sehemu hii wenye biashara huiogopa, nayo ndiyo inayojenga imani kuliko zote, maana mteja akiona umemwambia pampu fulani haimfai, atakuamini utakapomwambia nyingine inamfaa.

Maarifa hayo hayako kwa mwandishi. Mkalishe fundi au muuzaji dakika 30, rekodi mazungumzo, mpe yale maswali moja baada ya jingine. Kila akijibu "inategemea", muulize inategemea nini, na hapo ndipo dhahabu ilipo. Andika kutokana na rekodi, kisha mrudishie asome kabla ya kuchapisha.

Akili unde (AI) imeongeza uzito wa hatua hii. Tangu Mei 2024 Google ilipoanza nchini Marekani kuonyesha majibu yaliyoandikwa na mashine juu ya orodha ya matokeo, na baadaye katika nchi nyingine nyingi, maswali mepesi hujibiwa pale pale bila mtu kufungua tovuti yoyote. Maana ya neno, historia fupi, faida tano za kitu fulani: makala za namna hiyo sasa hazina kazi kubwa. Kinachobaki na thamani ni kile ambacho mashine haina pa kukitoa: vipimo ulivyochukua mwenyewe, picha za kifaa kilichoharibika na sababu yake, bei kamili na kinachoifanya ipande. Mwaka 2022 Google iliongeza uzoefu wa mwandishi kwenye vigezo wanavyotumia watathmini wake wa ubora. Machi 2024 ikaandika katika sera zake kwamba kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili tu kupata nafasi ya juu ni ukiukaji, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine.

Kwa hiyo itumie akili unde kugeuza rekodi ya sauti kuwa maandishi, kupanga vichwa vidogo, kufupisha na kukagua tahajia. Usiitumie kukuletea takwimu. Huzitunga kwa ufasaha ule ule inaotumia kwenye ukweli, na jicho lililochoka haliwezi kutofautisha. Kila namba iliyo kwenye makala iwe na mtu ndani ya kampuni anayeweza kuitetea.

Kichwa cha ukurasa kiwe na herufi 60 hivi, maneno ya swali yakitangulia, maana kirefu hukatwa kwenye matokeo. Picha ndizo huchelewesha ukurasa mara nyingi zaidi. Google hutaka kitu kikubwa kinachoonekana kwanza kiwe kimefunguka ndani ya sekunde 2.5, na picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu ikiwa na megabaiti nne au tano haiwezi kuwahi kwenye mtandao dhaifu. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 hadi 1,600, ihifadhi kama WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, na uhakikishe haizidi kilobaiti 200.

Makala moja, vipande vingi

Makala iliyojibu swali vizuri hutoa video fupi tatu au nne, kila moja ikibeba jambo moja tu. Rekodi simu ikiwa wima, pikseli 1080 kwa 1920. Sekunde tatu za kwanza zionyeshe tatizo lenyewe, pampu ikinguruma na bomba likiwa kavu. Nembo na salamu zisubiri. Weka manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, na yaweke mbali na ukingo wa chini na wa kulia ambako vitufe vya programu hufunika. YouTube Shorts hupokea video za hadi dakika 3 tangu Oktoba 15, 2024, lakini jibu moja hutosha katika sekunde 30 hadi 45. Hifadhi faili asili. Ukipakua video kutoka programu moja na kuipandisha Instagram ikiwa na nembo ya ile ya kwanza, Instagram hupunguza kuipendekeza kwa watu wapya.

Wafuasi wa mitandao ya kijamii ni wa kuazima. Mtandao ukibadilisha utaratibu wake, hufikii tena watu uliowakusanya kwa miaka. Orodha ya barua pepe ni yako. Mpe msomaji sababu ya kujiunga, kwa mfano jedwali la kuchagua pampu kwa kina cha kisima. Usinunue orodha kamwe. Tangu Februari 2024 Gmail, kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku, na Yahoo, kwa wanaotuma kwa wingi, huwataka wawe na SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya anwani ya tovuti inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli), waruhusu kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Hata ukituma 200 tu, weka SPF na DKIM, la sivyo barua zako zinaweza kuishia kwenye folda ya taka.

Kupima

Idadi ya waliofungua barua si kipimo cha kutegemea. Apple tangu Septemba 2021 hupakia picha za barua kabla msomaji hajaifungua, hivyo namba hupanda yenyewe. Hesabu waliobofya na waliojibu. Kwenye kila kiungo unachosambaza ongeza lebo za utm_source, utm_medium na utm_campaign (chanzo, njia na kampeni), zote kwa herufi ndogo, kwani Google Analytics, huduma ya kuhesabu wageni wa tovuti, huona "Facebook" na "facebook" kama vyanzo viwili. Na bado muulize kila mteja mpya alikufahamu vipi, kwa sababu kiungo kilichotumwa kwa rafiki kwenye WhatsApp mara nyingi huonekana kama mtu aliyekuja moja kwa moja.

Ukurasa mpya upe miezi mitatu hadi sita kabla ya kuuhukumu. Kila baada ya miezi sita pitia kurasa zote. Mbili zinazojibu swali moja hugawana nafasi, basi ziunganishe kwenye ile yenye nguvu na uielekeze anwani ya zamani kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu unaompeleka mgeni kwenye ukurasa mpya. Bei na vipimo vilivyopitwa visahihishe. Tarehe ya ukurasa ibadilike pale tu maudhui yamebadilika kweli.

Sasa tengeneza kalenda. Watu wawili wenye kazi nyingine huweza kutoa makala mbili kwa mwezi, kila moja na video tatu na barua pepe moja. Mkishindwa kufikia hapo miezi miwili mfululizo, punguzeni makala iwe moja na mbakize mahojiano ya dakika 30 kama yalivyo.