Spika yenye amplifaya ndani imekata sauti: anza na balbu, si na fyuzi

Jumatatu ndiyo siku yangu ya spika. Jumamosi kulikuwa na harusi, Jumapili kwaya imeimba ibada tatu, na asubuhi bodaboda anashusha mlangoni spika ya inchi 15. Maelezo ni yale yale: "Fundi, ilikuwa inapiga vizuri tu, ghafla ikanyamaza." Ukiuliza habari za fyuzi unaambiwa wameshabadilisha, tena mara mbili. Ukiichomoa unakuta imeviringishiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.

Hapo ndipo kazi ya elfu ishirini inapogeuka kuwa ya laki. Fyuzi imekatika kwa sababu kuna kitu ndani kinavuta umeme kupita kiasi. Ukiilazimisha, kitakachofuata kuungua ni transfoma au wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito.

Ninachoeleza hapa ni kwa spika zile nzito, zenye transfoma ya chuma. Zile nyepesi zenye pawasaplai (sehemu inayolisha umeme) ya kielektroniki zina takribani volti 325 za umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye kapasita kubwa, yale makopo yanayohifadhi chaji. Kama hujawahi kuzifungua mbele ya fundi mzoefu, usianzie huko.

Hatua ya 1: usishike bisibisi bado

Chomoa mikisa, chomeka simu moja kwa moja kwenye spika. Jaribu waya mwingine wa umeme. Zungusha kitufe cha sauti: kikikwaruza, kina vumbi, kipulizie dawa ya kusafishia. Kuna mzee aliniletea spika kwa basi, safari ya saa sita, kumbe waya wa mikisa ndio uliokatika ndani ya pini. Nilimchajia soda.

Hatua ya 2: fungua, toa chaji

Chomoa waya ukutani, kisha fungua bamba la nyuma. Kapasita mbili kubwa za pawasaplai hubaki na chaji hata spika ikiwa imezimwa. Chukua rezista ya omu 470, wati 5, uishike kwa koleo lenye mpira, uunganishe nayo miguu miwili ya kila kapasita kwa nusu dakika. Hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Wapo wanaogusisha bisibisi mpaka cheche zinaruka. Mimi sifanyi hivyo, bisibisi yangu ina meno mawili tayari.

Sasa tumia pua na macho. Kapasita iliyovimba kichwani, rezista nyeusi, ubao uliobadilika rangi. Harufu ya kuungua mara nyingi inakuelekeza kabla ya mita.

Hatua ya 3: tafuta shoti

Weka mita kwenye alama ya daiodi. Pima kwanza daraja la daiodi, yaani daiodi nne zinazogeuza umeme kuwa DC, pale umeme unapotoka kwenye transfoma. Kila daiodi iliyo nzima husoma kati ya 0.4 na 0.7 upande mmoja, na upande wa pili mita haisomi kitu.

Kisha nenda kwenye transista za nguvu, zile zilizofungwa kwenye bati la kupozea. Spika nyingi zina jozi ya 2SC5200 na 2SA1943. Mguu wa kati ni kolekta. Pima kati ya kolekta na emita, yaani mguu wa kati na wa kulia ukiitazama transista kwa mbele. Mita ikilia piii na kusoma sifuri, umempata mharibifu. Itoe kwenye ubao upime tena ikiwa peke yake, kwani ikiwa imeunganishwa na nyingine huwezi kujua ni ipi hasa.

Transista ya nguvu ikifa huwa haiendi peke yake. Pima rezista nyeupe za omu 0.22 au 0.33 zilizo kwenye emita, pima transista ndogo zinazoisukuma, pima rezista za besi, yaani za mguu wa kushoto wa transista. Badilisha jozi nzima, hata kama moja inaonekana hai. Na angalia unanunua nini: 2SC5200 halisi inahimili volti 230 na ampea 15, lakini madukani za bandia zimejaa, zenye maandishi mazuri kuliko za kweli. Inayouzwa kwa bei ya pipi, iache.

Paka grisi ya kupozea, rudisha maika (kipande chembamba cha kuzuia umeme) kati ya transista na bati, kisha pima tena: kolekta isiguse bati.

Hatua ya 4: balbu

Miaka ya mwanzo nilibadilisha transista nne, nikachomeka ukutani kwa furaha. Zote nne ziliondoka kabla sijatoa mkono kwenye swichi. Rezista moja ya besi ilikuwa imekatika na sikuipima. Tangu siku hiyo hakuna spika inayowashwa mezani kwangu bila balbu.

Chukua balbu ya nyuzi ya wati 100, ya kizamani. Za LED hazifai. Iunge katikati ya waya wa laivu, ule unaoleta umeme, ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye spika. Wufa na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ziwe zimechomolewa. Washa. Balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, bado kuna shoti. Zima, rudi hatua ya 3.

Balbu ikiwa imefifia, pima umeme wa moja kwa moja kwenye nyaya za kwenda wufa. Nataka kuona chini ya milivolti 50. Ukiona volti 30 au 40, usithubutu kuunganisha wufa: volti 40 kwenye koili ya omu 6, ule waya uliosokotwa ndani ya wufa, ni zaidi ya ampea 6, zaidi ya wati 260 za joto tupu. Koili inaungua wakati wewe bado unashangaa mbona koni imeruka mbele ikakwama.

Hatua ya 5: wufa yenyewe

Wufa ya omu 8 kwenye mita husoma kama 6. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili: ikikwaruza kama msasa, koili imeungua ikavimba, hata kama inasoma vizuri. Hiyo ni ya kubadilishwa.

Kila kitu kikiwa sawa, toa balbu, weka fyuzi ya ampea zile zile zilizoandikwa nyuma ya spika, yenye herufi T, inayochelewa kukatika, maana transfoma huvuta umeme mwingi unapowasha. Piga muziki kwa saa nzima, sauti ya wastani, ukigusa bati kila baada ya muda. Fyuzi ya akiba naibandika kwa selotepu nyuma ya spika, na juu yake naandika kwa kalamu nene: IKIKATIKA HII, LETA.