Unataka kuwa daktari wa meno na unaogopa utakosa nafasi? Anza hapa, mtoto wa Malindi na Lamu

Kama uko fomu tri au fomu foo, uko Malindi, Watamu, Lamu, Mpeketoni, popote huku kwetu, na umeshaweka moyoni kuwa utakuwa daktari wa meno lakini kila ukilala kichwa kinakuuliza "na nikikosa je", hii ni yako. Mimi kila mwaka husaidia watoto wa mtaani kujaza maombi ya yunivasiti, na hawa wa meno ndio huja na wasiwasi mwingi kuliko wote, na nshaona sababu kubwa ni ipi, wamesoma mambo ya watu wengine wakadhani ni yao.

Yani mtoto anaingia intaneti kutafuta vipi mtu anaingia skuli ya meno, anakutana na Wamarekani. Kule kwa kawaida unasoma digrii kwanza, ndio ufanye mtihani wao unaitwa DAT, ndio uandike insha ya kujieleza, upeleke barua za walimu, uonyeshe masaa uliyokaa na daktari ukimtazama akifanya kazi, halafu wakipenda wakuite intavyu. Waingereza nao wana mtihani wao wa UCAT na intavyu juu. Mtoto wa Shela anayasoma yote hayo saa sita za usiku, anajiona hana hata kimoja, bas usingizi umekwenda. Sasa nisikilize vizuri. Hayo ni kweli lakini ni ya kwao. Hapa Kenya ukipitia njia ya serikali hakuna DAT, hakuna intavyu, hakuna mtu atakukalisha kitini akuulize kwa nini unapenda meno. Kuna KCSE, mtihani wa mwisho wa fomu foo, kuna KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za yunivasiti, na kuna yale machaguo ya kosi utakayojaza kwao. Kwa hivo jambo la kwanza kabisa funga hizo kurasa za watu, nusu ya hofu itaondoka nazo leo hii.

Jambo la pili jua mlango wenyewe ulivyo. Kosi inaitwa Bachelor of Dental Surgery, ni miaka mitano, na baada yake kuna mwaka wa intanshipu, kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, ndio baraza la madaktari, KMPDC, likupe leseni. Yunivasiti ya Nairobi ilianza kufundisha meno 1974, na Moi kule Eldoret wanayo pia. Nafasi ni chache, hilo silifichi. Gredi ya chini ya kuomba digrii yoyote ni C+ lakini kwa meno hiyo haikufikishi popote, unatakiwa angalau B tupu, si B-, kwenye Bayolojia, Kemia, Fizikia au Hesabu, na Kiingereza au Kiswahili. Na hiyo B ni ya kukuruhusu kupiga foleni tu, wanaoingia huwa juu zaidi.

Hapa pointi zinavyohesabiwa usome mara mbili manake wengi hawaelezwi. Klasta yako ni yale masomo manne ya kosi niliyoyataja, A ni pointi 12, kwa hivo ukipata A zote ni 48. Lakini klasta haiangaliwi peke yake, inapigwa pamoja na jumla yako ya masomo saba ambayo ukipata A zote ni 84. Maana yake nini, maana yake ile Dini na Kiswahili ambayo watoto wa pwani wanapasua bila jasho inakubeba. Nimeona watoto wanaacha kabisa kusoma IRE, hiyo Dini ya Kiislamu, fomu foo eti "mimi ni wa sayansi", wanatupa pointi ambazo tayari ziko mkononi. Tena tangu KCSE ya 2023 gredi ya jumla inachukua Hesabu, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora, kwa hivo kama Kiingereza chako kinakusumbua na Kiswahili chako ni A, hujafungiwa mlango. Lakini Kiingereza usikiache, mihadhara yote na vitabu vyote huko mbele ni vya Kiingereza.

Sasa Kemia. Nitakaa hapa kidogo kwa sababu kwa watoto wetu ndipo ndoto ya meno inapokatikia, si Bayolojia. Bayolojia mtu akikesha anaishika, Kemia ukikosa msingi wa mole, zile hesabu za kiasi cha kemikali, fomu tri unahangaika mpaka mwisho. Pepa ya kwanza maksi 80, ya pili 80, ya tatu ile ya maabara 40. Hizo 40 ndizo za kuziendea mbio, manake maswali yake yanafanana mwaka hadi mwaka, kuna titresheni, kuna mambo ya joto au kasi ya mmenyuko, kuna kutambua chumvi. Na maksi nyingine zinapotea kwa mambo ya uandishi tu. Mfano jedwali la titresheni, ukiandika namba za bureti kwa desimali moja basi safu zote desimali moja, ukiamua mbili basi tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5, na zile unazochukulia wastani zisipishane zaidi ya 0.2, na uonyeshe kazi ya kutafuta huo wastani. Mtu hajui hilo anaacha maksi mezani na mkono wake ulikuwa sawa kabisa. Kama skuli yenu maabara ni ya shida, na skuli zetu nyingi hali ndiyo hiyo, usinyamaze, nendeni watatu wanne kwa mwalimu wa Kemia mumwombe Jumamosi asubuhi, mwalimu akiona watoto wamekuja wenyewe mara nyingi hakatai. Au muombe kupitia kwake mkafanye na skuli jirani iliyo na vifaa.

Kuhusu huo wasiwasi wenyewe, ule unaokuja usiku, mimi huwaambia watoto wachukue karatasi waandike hofu zao lakini kila hofu iandikwe kama swali, na mbele yake jina la mtu anayeweza kulijibu. Usiandike "naogopa Kemia", andika "nina B- kwenye mock, nikitaka B+ niongeze maksi wapi", hilo la mwalimu. "Mwaka uliopita mtu wa mwisho kuingia alikuwa na pointi ngapi", hilo la potali ya KUCCPS, wanaonyesha. "Baba atanikubalia Nairobi", hilo la baba, na usipomuuliza utakaa nalo mpaka Novemba. Utashangaa hofu nyingi zina mwenyewe wa kuzijibu. Yale yatakayobaki bila jina, kama mtihani utakuwaje au wengine watapata ngapi, hayo si yako, hayo ni ya dua. Tunafundishwa tangu chuo cha Qurani kuwa mfunge ngamia kwanza kisha utawakali, yani umtegemee Mungu. Na ulale jamani. Mtoto anayekesha wiki nzima kabla ya pepa anaingia mtihanini anasoma swali mara tatu haliingii.

Kuna jambo lingine ambalo si lazima kwa kuingia lakini mimi nalisisitiza sana, nalo ni kwenda kuona kazi yenyewe. Kati ya KCSE na kuripoti yunivasiti kuna miezi mingi. Andika barua fupi kwa msimamizi wa hospitali ya serikali iliyo karibu nawe, iwe ya Malindi au King Fahd pale Lamu, uombe kukaa siku kadhaa kitengo cha meno ukitazama. Nenda na barua ya skuli, vaa vizuri, viatu vya kufunika, simu mfukoni, na mgonjwa akikataa usiwepo ondoka bila kununa. Utaona mtoto wa miaka mitano amevimba shavu, meno ya utotoni yameoza yote ya mbele, na mama anasema hayo si yatang'oka tu. Mabuyu ya sukari kutwa, soda, kashata, halafu analala bila kupiga mswaki, bakteria wanakula ile sukari wanatoa asidi na asidi inakula jino. Utaona mzee wa tambuu na popoo, mdomo hata haufunguki vizuri, na popoo imeshathibitishwa kuwa inasababisha saratani ya mdomo. Utaona vijana wa muguka, yale majani ya kutafuna. Utasikia harufu, utaona damu na usaha. Ukitoka hapo bado unaitaka, hamu yako itakuwa na mizizi na wasiwasi utakuwa mwepesi kubeba. Ukitoka hutaki, alhamdulillahi umejua mapema, si mwaka wa tatu.

Na mikono pia, ufundi wa mkono ni nusu ya kazi hii. Wale wanaochora hina, wanaoshona kofia za vito, wanaochonga, msione mnapoteza muda.

Wakati wa kujaza potali sasa. Usiweke meno peke yake machaguo yote. Machaguo ya juu weka Nairobi na Moi kama pointi zako ziko karibu na za mtu wa mwisho wa mwaka uliopita, lakini zile za chini weka kosi ambayo ukiipata utaisoma kwa moyo, famasia, uuguzi, afya ya jamii, si kosi umeiokota ili kujaza nafasi. Pointi za mtu wa mwisho hubadilika kila mwaka kulingana na walioomba, kwa hivo ni za kukuongoza tu. Jaza mwenyewe, ukienda saiba kaa pale pale utazame kila herufi, na neno la siri usimwachie mtu.

Kama gredi haikufika, sikia. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, kule Nairobi wana diploma ya afya ya kinywa na ile ya ufundi wa meno, wale wanaotengeneza meno ya bandia, na diploma nyingi za KMTC zinaanzia C tupu. Afisa wa afya ya kinywa anajaza meno, anang'oa, anasafisha, anakwenda maskuli kufundisha watoto, na visiwa vyetu vinawahitaji sana watu hao. Kurudia KCSE pia kunaruhusiwa, na kama ulikosa kwa maksi chache za Kemia mimi siwezi kukwambia usirudie. Ajenti akija na habari za yunivasiti ya nje, kabla mzazi hajauza shamba uliza KMPDC kama chuo kinatambuliwa, manake ukirudi utapitia mtihani wa baraza kabla ya intanshipu. Na kwa wadogo zenu walioanza Gredi 10 Januari 2026, hao wa mtaala mpya njia yao ni STEM, yani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, waanze kuuliza mapema.

Wazazi nao wana hofu yao, hasa kwa binti. Kutoka Lamu ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha treni au basi tena mpaka Nairobi, na Eldoret ni mbele zaidi na baridi yake. Usibishane, mtafute ndugu au jirani aliye huko, mpe mama namba yake waongee. Waambie ukweli pia kuhusu mwisho wa safari, kwamba intanshipu huchelewa wakati mwingine, na 2024 madaktari waligoma siku 56, moja ya mambo makubwa likiwa hao hao maintani na malipo yao. Mzazi akijua mapema hatakuona umemdanganya.

Pesa usisubiri. Omba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na ufadhili wa serikali dirisha likifunguka tu, jibu maswali ya hali ya nyumbani kwa ukweli kamili, hata kama mnaona aibu kuandika kuwa baba ni mvuvi na bahari haina kitu miezi ya kusi, manake kiwango utakachopewa kinatokana na hayo majibu. Barua ya yunivasiti ikitoka piga kopi kama kumi, ya kaunti, ya ofisi ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ya wadi, zipeleke wiki hiyo hiyo na uandike jina la aliyezipokea, fomu za basari hufungwa kabla watu hawajasikia zimefunguliwa.