SOMO: Kufunga picha za zamani za setilaiti za kijasusi kwenye ramani ya Mwanza

Wakuu, tangu niweke ule mchoro wa mwambao wa zamani wa Kirumba, kila siku kuna anayenifuata inbox kuuliza nimeutoa wapi na yeye afanyeje. Naandika mara moja, kwa wote: niliutoa kwenye picha za setilaiti za mradi uitwao CORONA.

Kwanza jua unashika nini. CORONA ulikuwa mradi wa CIA na Jeshi la Anga la Marekani, 1960 hadi 1972. Setilaiti ilipiga kwenye filamu halisi, filamu ikashushwa ndani ya kapsuli yenye parachuti, na ndege ikainasa ingali hewani. Kazi ilikuwa kutafuta makombora ya Wasovieti na kupata picha za kuchorea ramani za jeshi. Mwaka 1961 Washington ilikuwa na hofu kuwa Moscow imeitangulia mbali kwa makombora ya masafa marefu. Picha zilipochambuliwa, makadirio ya Septemba mwaka huo yalishuka hadi vituo vya kurushia kati ya 10 na 25 tu. Februari 1995 Rais Clinton aliamuru picha zaidi ya 860,000 za CORONA na miradi dada zitolewe kwa umma. Shabaha kubwa zilikuwa Usovieti na Uchina, kwa hiyo kwetu utapata vipande vipande, si kila mwaka.

1. Jisajili EarthExplorer, tovuti ya picha ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani). Bure.

2. Chora boksi juu ya eneo lako, chagua Declass 1, kundi lenye picha za CORONA. Ukitaka za kamera ya ramani ya KH-9 (setilaiti ya kijasusi iliyofuata CORONA), ya 1973 hadi 1980, ziko Declass 2.

3. Tazama kijipicha kwanza. Mawingu yakifunika, acha. Anza na za Juni hadi Agosti.

4. Iliyokwisha kuskaniwa unapakua bure. Isiyoskaniwa ni dola 30 kwa fremu.

5. Fremu ya KH-4 (jina la kamera za CORONA) huja vipande vinne, a hadi d. Chukua kipande chenye eneo lako tu, ukifungue kwenye QGIS, programu ya ramani.

6. Kufunga picha kwenye ramani, yaani kuiambia programu kila sehemu ya picha iko wapi ardhini. Hapa msome polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mara ya kwanza nilichukua pointi za udhibiti (mahali panapotambulika kwenye picha zote mbili, ya zamani na ya sasa) kwenye ncha za mwambao, kwa sababu ndizo zinazoonekana kirahisi: maji meusi, nchi nyeupe. Picha ya kisasa niliyoiweka chini yake kulinganisha ilikuwa ya 2006. Ikakaa vizuri kwenye skrini. Nikamchapishia mzee mmoja wa Ilemela ramani ya shamba la marehemu baba yake. Tulipokwenda na GPS, mwamba aliokuwa akichezea utotoni ulikuwa mita 60 kutoka pale ramani yangu ilipouweka. Mzee aliweka kiganja juu ya ule mwamba, akanitazama, hakusema kitu. Nilirudi nyumbani nikafuta kazi yote.

Kosa ni hili: mwambao hauko mahali pamoja. Kati ya mwishoni mwa 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilikuwa limeshuka sana, 2020 likapanda tena. Penye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50, kupanda kwa mita 2 ni mita 100 za ardhi zimemezwa. Na matete ndiyo kabisa, yanasogea na maji.

TUMIA MIAMBA. Jiji letu limejaa, na jiwe halihami. Chagua miamba mipana iliyo chini, mikunjo ya reli (reli ilifika Mwanza 1928), na njia panda za zamani. USITUMIE vilele vya vilima. Kamera za KH-4 zilitazama kwa kuinama nyuzi 15, moja mbele, moja nyuma. Kwa hiyo kilele kilicho mita 100 juu ya ziwa kinaonekana kimesogea karibu mita 27.

Picha hizi zimepinda kama upinde, hivyo tumia njia ya kukunja ya TPS (inavuta picha kama mpira), pointi 25 au zaidi, zilizotawanyika. ONYO: TPS itakuonyesha kosa sifuri kila mara, kwa sababu inapita juu ya kila pointi uliyoipa. Hiyo sifuri haithibitishi chochote. Weka pembeni miamba mitano usiyoitumia, kisha pima imeangukia wapi.

7. Hifadhi kwa mfumo wa kodineti wa UTM kanda 36 Kusini, WGS 84 (datamu ya GPS, yaani msingi wa vipimo).

8. Kusoma picha. Wachambuzi wa jeshi huangalia umbo, ukubwa, kivuli, rangi, mpangilio na majirani wa kitu. Kituo cha kombora la kutungulia ndege cha SA-2 walikitambua kwa nyota ya barabara: mitambo sita imeizunguka rada, hata kombora lenyewe lisipoonekana. Nasi hivyo hivyo. KH-4B bora (toleo la mwisho la kamera za CORONA) huona kitu cha mita 1.8 hivi. Mtumbwi wa mita 7 ni pikseli nne tu, lakini mitumbwi kumi iliyopangwa sambamba mchangani inaonekana. Andika "hakika", "huenda" au "inawezekana" mbele ya kila tafsiri.

MASWALI

Boda_Igoma: Mkuu nitumie ya leo, pikipiki yangu imeibwa jana Buzuruga.
— Pole ndugu. Picha za CORONA ziliisha 1972. Nenda polisi na namba ya chesisi.

Kijana wa Nyegezi: Mbona Google Earth inaonyesha vizuri zaidi? Unajisumbua bure.
— Ikuonyeshe Nyegezi ya 1967, kisha urudi hapa.

Mama Nyakato: Shikamoo kaka. Hizi si siri za serikali? Nisije nikakamatwa.
— Marahaba dada. Za CORONA ni za umma tangu 1995, pakua bila hofu. Droni ndiyo yenye kuhitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Sengerema_2: Nimeona madoa meusi ghuba ya Mwanza. Ni gugu maji?
— Picha ya mwaka gani?
Sengerema_2: 1968.
— Basi si gugu maji. Liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Mwanafunzi_Ramani: Samahani mwalimu, nina ramani ya zamani ya upimaji. Nikichukua kodineti za bikoni, picha nzima inakwenda pembeni karibu mita 300, upande uleule. Nimerudia mara tatu.
— Swali zuri sana, na kurudia mara tatu ndiko kulikokuokoa. Ramani hizo zina datamu ya Arc 1960, wewe umeziingiza kama WGS 84. Huku kwetu tofauti ni karibu mita 300, nyingi ya hizo kwa kaskazini na kusini. Weka EPSG 21036 (namba ya mfumo wa Arc 1960, kanda 36 Kusini) kwenye pointi, kisha geuza kwenda 32736, ile ya WGS 84. Ukikwama nitumie faili, nitakaa nayo jioni.

Mwanafunzi_Ramani: Imekubali! Swali la mwisho: maji upande mmoja wa fremu ni meupe, mwingine meusi.
— Ni mng'ao wa jua juu ya maji, wala si tope. Na ukipima urefu wa jengo kwa kivuli, epuka Machi, Septemba na mwanzo wa Oktoba. Jua linapita utosini kwetu, na kwenye picha ya adhuhuri kivuli kinakuwa kifupi mno kupimika.

Kayenze77: Babu yangu anasema forodha ya zamani ilikuwa mbele ya hapo ilipo sasa. Nije naye?
— Mlete, na aje na fimbo yake. Jumamosi asubuhi, tutatembea aonyeshe jiwe lilipo, nami nitaliwekea pointi.