Somo: Joto la bruda kwenye simu kwa ESP32 na Bluetooth

Bruda ni sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Jiko la mkaa likipoa usiku, mfugaji hugundua asubuhi, anapokuta wamerundikana kona moja na wa chini wameshakufa. Kwa mpango huu unasoma joto ukiwa kitandani, bila bando.

Vifaa: bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye Bluetooth ndani yake), sensa ya joto ya DS18B20 yenye kichwa cha chuma kisichopitisha maji, rezista ya kilo-om 4.7, nyaya, na chaja ya simu.

Hatua ya 1. Waya mwekundu wa sensa uende pini ya 3V3 (umeme wa volti 3.3), mweusi GND (hasi), wa njano, unaobeba taarifa, pini ya GPIO 4. Rangi hutofautiana, kwa hiyo hakikisha kwanza na karatasi ya muuzaji. Rezista ikae kati ya njano na nyekundu. Usiiruke.

Hatua ya 2. Kwenye Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia msimbo kwenye bodi) weka maktaba za OneWire na DallasTemperature, pakia mfano wa kusoma joto, ufungue Serial Monitor (dirisha linaloonyesha namba zinazotoka kwenye bodi). Shika kichwa cha sensa kwa vidole: namba lazima ipande. Ukiona -127, sensa haionekani. Rudi kwenye nyaya na rezista. Usiguse Bluetooth mpaka hapa pawe sawa, maana baadaye hutajua kosa liko kwenye sensa, hewani au kwenye simu.

Hatua ya 3. Tumia BLE, yaani Bluetooth inayokula umeme kidogo. Joto lina namba zake rasmi: huduma (service, yaani kundi la taarifa) ni 181A, tabia (characteristic, yaani thamani yenyewe) ni 2A6E. Thamani hutumwa ikiwa imezidishwa kwa 100, katika baiti mbili:

`int16_t joto = sensa.getTempCByIndex(0) * 100;`
`tabia->setValue((uint8_t*)&joto, 2);`
`tabia->notify();`

Nyuzi 33.25 zinakuwa 3325, na hewani zinapita kama FD 0C, baiti ndogo ikitangulia. Ongeza pia BLE2902 (swichi ambayo simu huiwasha ili itumiwe vipimo) kwenye tabia hiyo, la sivyo simu haitaweza kujiandikisha kupokea. Jaribu kwa nRF Connect, programu ya simu ya kusoma vifaa vya BLE, kabla ya kutengeneza yako.

Hatua ya 4. Kwenye MIT App Inventor (tovuti ya kutengenezea programu za simu kwa kuunganisha vipande) ongeza kiendelezi cha BluetoothLE. Tafuta kifaa, kiunganishe, kisha tumia RegisterForShorts (kipande cha kuomba namba za baiti mbili). Thamani ikifika kwenye ShortsReceived, chukua ya kwanza kwenye orodha, igawe kwa 100, iandike kwenye skrini kwa herufi kubwa.

Sasa jambo ninalowasihi msilipuuze: hifadhi saa ya kila kipimo. Zikipita sekunde 30 bila kipimo kipya, futa namba na uandike "HAKUNA TAARIFA" kwa rangi nyekundu. Umeme ukikatika bandani, programu isiyo na ukaguzi huu itaendelea kuonyesha 33 huku vifaranga wanaganda, nawe utalala ukiamini mambo ni shwari.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiwasha naletewa 85, baadaye inakaa sawa. Sensa mbovu?*
Hapana. 85 ndiyo thamani iliyomo kwenye sensa inapowaka, kabla haijapima. Kipimo cha biti 12 huchukua hadi milisekunde 750, hivyo subiri kabla ya kusoma. Ikirudi 85 katikati ya kazi, kagua umeme unaoifikia.

*Nina HC-05 nyumbani, ila iPhone haiioni.*
HC-05 ni moduli ya Bluetooth ya zamani, si BLE, na iPhone haiungi vifaa vya namna hiyo kwa programu za kawaida. Tumia BLE ya ESP32, usome kwa nRF Connect.

*Banda langu liko mbali, kuna kuta mbili za tofali.*
Bluetooth itakusumbua. Weka ESP32 ya pili dirishani, zizungumze kwa ESP-NOW (njia ya ESP32 kuwasiliana moja kwa moja kwa mawimbi ya Wi-Fi, bila ruta), na hiyo ya pili ndiyo itume kwenye simu. Pima kwanza kama mawimbi yanafika kabla ya kufunga chochote.

*Samahani mwalimu, sensa niitundike wapi hasa?*
Kimo cha mgongo wa kifaranga, mahali wanapolala, si juu ya jiko wala ukutani. Kisha linganisha na wanavyokaa: wakisongamana chini ya joto wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi, hata kama simu inasema 33. Hapo sogeza sensa.