Mini-PC ya Linux Nairobi: beba flashi yako kabla uende Luthuli

Kama unataka mini-PC, ile kompyuta ndogo ya mezani, ya kuweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) kama Ubuntu, Mint ama Debian, enda maduka ya Luthuli Avenue, bei poa bado iko kwa zile ex-UK za maofisi, yaani Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny. Windows 11 imekataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya jenereshoni ya 8, na Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 2025, so mashine nzima kabisa zinatolewa maofisini na Linux haina shida nazo hata kidogo.

Soma namba ya prosesa. i5-7500T, hiyo 7 ndio jenereshoni, na T maana yake inakula wati 35 badala ya 65, tokeni zako zitakushukuru. Tofauti ya bei ikiwa ndogo ruka ya 6 uchukue ya 7, juu video za VP9 zenye YouTube hutumia inazifungua ndani ya chipu bila kutesa prosesa. Ya 8 ni tamu zaidi, i5-8500T ina koa (viini vya kazi vya prosesa) 6, lakini hapo bei inapanda.

Sasa flashi. Tengeneza ya Mint nyumbani, yaani flashi yenye inaweza kuwasha kompyuta, 8GB inatosha, ubebe. Dukani mwambie jamaa awashe mashine, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP, uchague flashi, halafu ujaribu tu bila ku-install chochote. Ikiomba paswodi ya bayosi (BIOS, settings za mashine kabla mfumo uwake) na muuzaji haijui, achana nayo. Akikataa kabisa ujaribu, mwambie asante uende mlango unaofuata, Luthuli maduka hayaishi.

Ikishawaka angalia waifai kwanza. Nyingi za maofisi zilitumia kebo kwa hivyo hazina kadi wala antena, na muuzaji hatakuambia mpaka ufike nyumbani. Kadi ya Intel huwa inashika yenyewe, Broadcom mara nyingi inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha, na draiva inataka intaneti ambayo ndio huna, hapo unachomeka simu kwa waya ya USB unawasha tethering mambo inaendelea. Weka earphone usikie sauti, jaribu kila tundu la USB, kisha fungua terminal (dirisha la kuandika amri) uandike lscpu ya kuonyesha prosesa na free -h ya kuonyesha ram, uone kama ulichoambiwa ndicho kiko ndani.

Adapta itoke nayo ikiwa orijino. Dell isipotambua adapta inapunguza spidi ya prosesa, utadhani Linux ndio nzito. Na uangalie nyuma, HP na Lenovo kadhaa hazina HDMI ila DisplayPort, tundu lingine la skrini, kama skrini yako ni TV ya HDMI nunua kiunganishi hapo hapo.

Mpya za Intel N100 pia ziko, chipu ya 2023 ya wati 6, poa kwa kitu inakaa on usiku na mchana, ila ulizia kama ram inaongezeka.

Stima ikipotea hizi hazina betri, na ile UPS ndogo ya rauta hutoa volti 12 wakati hizo Dell, HP na Lenovo zinataka 19 ama 20. Nunua UPS ya kompyuta, hata ile ndogo kabisa.